Stendi ya kuinulia pikipiki niliyochomelesha Birere: umbo zuri, kiungo kibovu

Kilichonitia hasira ni rangi. Stendi ya kuinulia gurudumu la nyuma ilitoka kwenye karakana moja ya kuchomelea huku Birere, mtaa wa Goma, ikiwa tayari imepakwa rangi nyeusi, mbichi bado, inanata vidoleni. Makubaliano yalikuwa wazi: rangi isiguse chuma mpaka viungo vikaguliwe. Fundi alipoulizwa, hakuinua hata macho. "Papa, chuma ni chuma. Kama unajua kuchomelea, shika wewe." Haikupita muda, kiungo cha kushoto kikapasuka pikipiki ikiwa juu na gurudumu limeshatolewa. Pikipiki yenyewe, Yamaha DT 125, ikalala chini, mkono wa klachi ukavunjika. Kama fundi pikipiki angekuwa amelaza mkono pale chini, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Rangi ilipokwanguliwa ndipo ukweli ukaonekana. Chuma kilichoyeyuka kilikuwa kimekaa juu ya kutu, hakikuingia ndani ya bomba hata kidogo, na kilijaa matundu madogomadogo. Sababu zake zinajulikana na kila fundi wa kweli. Kutu na mafuta havikusagwa kabla ya kuchomelea. Bageti, yaani vijiti vya kuchomelea, zilikuwa zimekaa wazi, na unyevu wa Goma huziingia haraka. Bageti yenye maji huleta matundu. Na umeme ulikuwa hafifu: mchana, karakana nyingi zikivuta kwenye waya mmoja, mashine hukosa nguvu na chuma hakiyeyuki vya kutosha. Kwa bageti ya mm 2.5 unahitaji ampea 70 hadi 90. Chini ya hapo unabandika tu.

Wamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, wenye Boxer au TVS wana stendi ya katikati, wanaweza kukaa bila kifaa hiki mpaka matundu ya ile stendi yalike. Yamaha DT na AG ni mateso, zina ya pembeni tu. Kutoa gurudumu la nyuma kubadilisha mnyororo na sproketi unaishia kuweka mawe ya lava chini ya injini, na jiwe la lava ni jepesi, lina matundu, linavunjika bila kukuonya.

Umbo lenyewe la stendi sina la kulilaumu, na vipimo vilikuwa vyangu. Nusu ya bomba la mraba la mm 30, unene mm 2, inatosha. Bomba zima ni mita 6, kwa hiyo nusu inayobaki ni yako, idai. Usikubali unene wa mm 1.2, mashine inautoboa kabla haujaungana. Unakata mikono miwili ya sm 60 inayolala chini, kipande cha sm 40 cha kuiunganisha kwa nyuma ambacho ndicho mpini wa kukanyagia, na nguzo mbili za mbele. Urefu wa nguzo usinakili kwa mtu. Simamisha pikipiki wima, mwenzako aishike, pima kutoka chini hadi upande wa chini wa ule mkono wa fremu unaoshika gurudumu la nyuma, ongeza sm 4 au 5. Ukipima ikiwa imeegemea stendi ya pembeni unapata uongo. Upana kati ya nguzo ni upana wa pikipiki kwenye ekseli, pamoja na nati zake, na sm 3 za ziada. Juu ya nguzo weka vipande vya chuma cha pembe cha mm 40, ndani yake mpira wa tairi kuukuu, bulti zizame ndani ya mpira zisikwaruze.

Pana jambo moja wengi wanalikosea, na huyu fundi pia alitaka kulikosea mpaka nikamchorea sakafuni kwa chaki. Mpini ukishashuka chini, ncha za nguzo lazima ziwe zimevuka ekseli ya vigurudumu vya stendi, sm 3 hadi 5 kuelekea upande wa mpini. Hapo uzito wa pikipiki wenyewe unakandamiza mpini. Ncha zikibaki wima kabisa au mbele ya ekseli, pikipiki inasukumwa mbele kidogo tu, mpini unaruka juu, kila kitu kinaanguka. Breki ya mbele ifungwe kwa kaushu, yaani ukanda wa mpira, kabla ya kuinua, daima.

Vigurudumu ni beringi kuukuu namba 6301, tundu lake mm 12, bulti ya 12 inaingia sawasawa. Kwenye zege vinakwenda vizuri. Kwenye uwanja wa changarawe ya lava, yaani nusu ya nyua za Ndosho na Majengo, vinazama na kujaa mchanga. Tandika ubao mpana, au acha beringi kabisa na ukunje bomba la duara liwe kama kisigino kinachobiringika.

Kwa gurudumu la mbele nilikwenda kwa seremala wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, na hapo sina neno baya. Kiti kifupi cha mikaratusi, meza yake sm 35 kwa 25, miguu minne iliyotanuka, viungo vya kuchomeka bila kutegemea msumari. Urefu ni nafasi iliyo chini ya fremu, na sm 3 juu yake. Alibana tairi juu kwa misumari ya pembeni tu, bila kuambiwa, ili isiguse injini. Kiegemezwe kwenye mabomba ya fremu, kamwe si kwenye sehemu ya kutolea oili.

Sasa hukumu. Baada ya kiungo kusagwa hadi chuma kung'aa, kuchomelewa upya asubuhi na mapema na mtu mwingine, na kuongezwa pembetatu za bamba la mm 5, sm 6 kwa 6, kwenye kila kona ya nguzo, stendi inabeba bila kuyumba. Nilitaka kuandika kwamba ile karakana ni ya bei nafuu, inakata kwa usahihi, na inafaa ukisimama pale. Kona zake zilikuwa nyuzi 90 kweli, hilo nampa. Lakini hapana. Niliporudi na kile kiungo mkononi, fundi wa kwanza aliniomba dola 5 za kukirudia, akasema pikipiki ndiyo nzito. Pikipiki ya kilo 120 hivi, nusu tu ya uzito ikiwa nyuma! Stendi isiyobeba kilo 60 si stendi. Naondoa hata ile sifa ya kona.

Popote utakapochomelesha, kataa rangi siku hiyo. Gonga takataka ya juu kwa nyundo, angalia kingo za kiungo: ziwe zimeyeyukia ndani ya bomba, zisikae kama mstari wa juu juu. Kisha pandisha mifuko miwili ya saruji juu ya nguzo, kilo 100, uiache pale huku unamlipa. Fundi akikataa jaribio hilo, chukua bomba lako uondoke.