Paneli ya kugusa ya kuendeshea mashine: ipi ununue ukiwa Lubumbashi

Wanunuzi wengi huanza na ukubwa wa skrini na bei. Sisi tunaanza na swali jingine: paneli ikizima usiku, nani hapa mjini ataweza kufungua programu yake, kuirekebisha na kuiingiza kwenye paneli nyingine kabla zamu haijaisha? Kipuri kinachosubiriwa kutoka upande wa pili wa mpaka wa Kasumbalesa hakisagi mahindi wala hakijazi chupa za maji. Kwa hiyo tumezipanga paneli hizi kwa urahisi wa kuzifufua, si kwa uzuri wa picha.

1. Weintek ya inchi 7 (mfano MT8071iP)

Kwa kinu, mashine ya matofali, kiwanda cha maji au pampu za kisima, hii ndiyo tunayoiweka mbele. Programu yake, EasyBuilder Pro, hupakuliwa bure na haidai leseni, hivyo fundi yeyote mwenye kompyuta anaweza kuanza kazi leo hii. Inaongea na PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) za Siemens, Mitsubishi, Omron, Delta na Schneider, na chochote kinachotumia Modbus, lugha ya mawasiliano ya mashine. Ina mlango wa Etheneti na milango ya RS-232 na RS-485, kwa hiyo hata PLC ya zamani utaiunganisha.

Kosa kubwa hapa ni la mnunuzi, si la paneli. Aliyekutengenezea kurasa za skrini akikuachia faili la .exob tu, amekupa chakula kilichopikwa bila viungo vyake: unaweza kulipakia kwenye paneli mpya, lakini kulihariri ni shida, na kama alizuia lisifunguliwe ndiyo basi. Dai faili la mradi wenyewe, .emtp, likiwa kwenye flashi, pamoja na nenosiri, kabla hujamaliza kulipa. Liandike kwenye fakitire (ankara) kama bidhaa inayojitegemea.

2. Siemens KTP700 Basic

Kama PLC yako ni S7-1200 ya Siemens, ipandishe paneli hii iwe ya kwanza. Paneli na PLC hukaa kwenye mradi mmoja wa TIA Portal, programu ya Siemens, hivyo hakuna kuandika anwani kwa mkono na kukosea. Chini ya skrini kuna vitufe 8 vya kubonyeza, na mwenye glovu nene atakushukuru kwa hivyo.

Angalia namba ya oda kwa makini. 6AV2123-2GB03-0AX0 ni ya Profinet, yaani Etheneti. 6AV2123-2GA03-0AX0 ni ya Profibus, mtandao wa zamani zaidi wa Siemens, na haina Etheneti kabisa. Herufi moja tu, B au A, na ukikosea umenunua paneli isiyoingia waya wako. Tena, mradi ukishapandishwa toleo jipya la TIA Portal haurudi nyuma. Muulize fundi ana toleo gani, uliandike ndani ya mlango wa kofre (kabati la umeme).

Mtengenezaji anaitajia taa ya nyuma ya skrini saa 20,000. Mashine ya saa 24 hula saa 8,760 kwa mwaka, kwa hiyo miaka miwili na miezi michache. Weka skrini ijipunguze mwanga baada ya dakika 5 bila kuguswa.

3. Delta DOP-100

Programu yake pia ni ya bure. Ukiwa tayari na variateri (kidhibiti kasi ya mota) na PLC za Delta, inunue bila kusita.

4. Schneider HMISTU

Hii tunaipenda kwa jambo moja: inafungwa kwenye tundu la milimita 22, lile lile la kitufe cha kawaida. Mashine ndogo isiyo na nafasi ya kukata bati huipata kirahisi, kwa inchi 3.5 au 5.7. Kilichoishusha ni programu yake, Vijeo Designer, inayotaka leseni.

5. PanelView Plus ya Allen-Bradley

Ni imara, lakini programu yake ni ghali. Inafaa pale tu ambapo PLC nayo ni ya Allen-Bradley na kiwanda kina leseni tayari.

Tablet ya simu iliyobandikwa kwenye kofre hatuiweki kwenye orodha. Betri yake huvimba kwenye joto.

Kioo na tundu

Chukua kioo cha kubonyeza, si cha aina ya simu. Kioo cha simu hakisikii glovu nene ya ngozi, na tone la maji linaweza kukichanganya. Cha kubonyeza kina udhaifu wake: wanaokigusa kwa ncha ya bisibisi hukitoboa, na baada ya muda mguso huhama, unabonyeza hapa panajibu pale. Ukiona hivyo, fanya kalibresheni (kupanga mguso upya) kabla ya kulaumu kioo.

IP65, yaani kinga dhidi ya vumbi na maji, inayoandikwa kwenye karatasi ni ya uso wa mbele tu, na raba ikiwa imekaa sawa. Tundu la mlangoni la kuikalisha Weintek ni milimita 192 kwa 138. La KTP700 ni 197 kwa 141. Ukiweka Weintek kwenye tundu la Siemens, kingo zake zitafunika kwa shida lakini raba itakuwa hewani. Kiangazi kimoja kinatosha: fungua mlango Agosti, pitisha kidole kwenye kona ya chini ya paneli, kitatoka chekundu kwa vumbi. Kata bati jipya la kufunikia, toboa kipimo sahihi.

Umeme

Paneli hizi kwa kawaida hutaka volti 24 za DC; KTP700 hukubali kati ya 19.2 na 28.8, nyingine soma kwenye karatasi yake. Ipe chanzo chake peke yake, si kile cha valvu na rilei. Kisha pima kwenye skurubu za paneli, si kwenye chanzo, wakati mota kubwa inawashwa kwa grupu (jenereta). Ikishuka chini ya kiwango hicho, paneli inaweza kujizima na kuwaka tena, na watu watasema ni mbovu. Waya wa mawasiliano usilale pamoja na waya wa variateri. Acha angalau sentimita 20, na kwenye RS-485 weka rezista ya omu 120 kila mwisho.

Kitufe cha dharura kamwe kisiwe kwenye skrini. Kiwe cha chuma, chekundu, chenye waya wake unaokata nguvu moja kwa moja.

Kabla hujatoa pesa

Iwashe dukani. Gusa kona zote nne na katikati. Ikatie umeme na kuurudisha mara kumi mfululizo. Kila mara irudi yenyewe kwenye ukurasa wa kwanza. Iunganishe na PLC yako, usome namba moja yenye desimali. Ikionyesha upuuzi wakati namba nzima zinasomeka vizuri, vipande viwili vya data vinavyobeba namba hiyo vimepinduka: badilisha mpangilio wake kwenye programu, usirudishe paneli.