Kebo za netiweki za ofisini: kwangua kwanza, lipa baadaye

Jamani kama unavuta netiweki kwenye jengo la ofisi usiulize kwanza Cat ngapi, yaani daraja la kebo kama Cat5e au Cat6, uliza ndani kuna nini. Nimelipia jengo moja mara mbili kwa sababu hiyo.

Maboksi manane nilinunua mwenyewe Kariakoo, boksi limeandikwa Cat6, ganda la kebo Cat6, fundi kapima na testa taa zote nane kijani, tukafunga dari. Wiki haijaisha mlinzi ananipigia, dada kamera za parking zinazima. Mchana ziko vizuri kabisa, ikifika saa moja jioni zinazima zinawaka zinazima zinawaka mpaka asubuhi. Tukabadilisha swichi, lile boksi la netiweki ambako kebo zote zinachomekwa, tukabadilisha na kamera moja, wapi. Akaja fundi mwingine, akakata kipande, akakwangua waya kwa kisu, ile rangi ya shaba ikabanduka kama rangi ya kucha, ndani nyeupe. Alumini.

Kamera hizo zinakula umeme kupitia kebo hiyohiyo ya data, ndo PoE yenyewe, na giza likiingia zinawasha taa za infraredi za kuonea gizani kwa hiyo zinataka umeme zaidi. Alumini iliyopakwa shaba, wenyewe wanaiita CCA, ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba tupu, basi kwenye mita 70 umeme unafika umeisha nguvu. Kamera za karibu na swichi hazikusumbua hata siku moja, ndo maana tulihangaika vile. Na testa ya taa haikusaidii hapo, inakwambia waya umefika, haikwambii waya wa nini. Kiwango cha kebo za netiweki, TIA-568, kinataka shaba tupu, kwa hiyo CCA haistahili kuitwa Cat6 hata kidogo.

Ukitaka uhakika zaidi ya kisu, chukua mita 50, unganisha nyaya mbili za jozi moja, zile zilizosokotwa pamoja, upande wa mwisho, pima na multimita upande wako. Ikizidi omu 9.4 hiyo rudisha. Hata kunyanyua boksi tu utajua, shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini, boksi la mita 305 likiwa jepesi mkononi jiulize.

Sasa za kununua. Namba moja kwangu ni Siemon na sifichi, ndo niliyorudishia jengo lote, ganda gumu halichubuki likivutwa kwenye bomba na kamera zimetulia. Meza za wahasibu Cat6 inatosha, ila kwa access point, vile vifaa vya kurusha WiFi, na njia ndefu weka Cat6A, maana Cat6 inabeba 10G, yaani kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde, mpaka kama mita 55 tu wakati Cat6A inafika 100. Namba mbili Panduit na CommScope, nzuri pia. Namba tatu D-Link, ila nunua kwa wakala, majina yanayojulikana ndo yanaghushiwa. Hela ikibana kabisa bora Cat5e ya shaba tupu kuliko Cat6 ya alumini, 1G inafika mita 100 bila shida. Zisizo na jina ziache hapohapo.

Kinachoniuma ni wauzaji. Nilirudi dukani na kile kipande mkononi, kaka akaniangalia akasema dada si ungesema unataka ya shaba. Ukutani bango, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Risiti ya EFD imeandikwa "kebo", basi, sina pa kushika. Na bei ndo hiyo, dola ikipanda kebo inapanda siku hiyohiyo, dola ikishuka unaambiwa huu mzigo wa zamani.

Siku hizi kisu kiko kwenye mkoba. Tunafungua boksi palepale kaunta, nakwangua, na kwenye risiti naandikisha "Cat6 shaba tupu", muuzaji akikataa kuandika naenda duka la pili.