Kliniki ya Meno ya Watoto, Sinza: Mahali Ambapo Koleo Halina Haraka

Mzazi wa Dar es Salaam mwenye mtoto wa kati ya miaka mitano na minane angefanya vyema kuifahamu kliniki ndogo ya meno iliyopo Sinza, ghorofani juu ya duka la dawa, kabla hajakubali mtoto wake ang'olewe jino lolote. Nilimpeleka huko binti yangu wa miaka saba baada ya jino la kudumu kuchomoza nyuma ya jino la mbele la chini ambalo lilikuwa bado halijadondoka. Bibi yake, tuliyekwenda naye, alishikilia kwamba la zamani ling'olewe siku ileile ili jipya lisije likapinda.

Daktari alimwamkia bibi shikamoo, kisha akamkabidhi mtoto kioo kidogo ajionee mwenyewe kinywani, na baada ya hapo ndipo akalitikisa jino kwa kidole. Lilikuwa linacheza. Alitueleza kwamba jino la kudumu linapopanda, mzizi wa jino la utotoni huliwa taratibu hadi ukaisha, na ndiyo maana jino lililodondoka lenyewe huonekana fupi, halina mzizi. Kwa meno ya mbele ya chini, jipya kuotea nyuma ya la zamani ni jambo la kawaida, na la zamani likishatoka, ulimi wenyewe hulisukuma jipya mbele kidogo kidogo. "Bibi, tulipe nafasi kwanza," alisema. "Likikaza na kugoma kutoka, hapo tutaling'oa." Jino lilitoka lenyewe nyumbani, likarushwa juu ya bati kama bibi alivyotaka.

Manufaa makubwa zaidi, hata hivyo, yalikuwa katika jambo ambalo hatukulifuata pale. Gego la kwanza la kudumu huota karibu na umri wa miaka sita, nyuma kabisa ya magego ya utotoni, wala hakuna jino linalodondoka kulipisha. Kwa hiyo wazazi wengi hulidhani ni la utotoni, wakaliacha lioze wakisubiri jingine ambalo halitakuja kamwe. Daktari aliyaonyesha magego hayo moja moja, akayasafisha, akayakausha, kisha akaijaza mifereji yake ya juu utomvu maalumu unaogandishwa kwa mwanga wa buluu. Hapakuwa na sindano wala mashine ya kuchimba, na mtoto hakulia.

Uangalifu huo si wa kila mahali. Mtoto wa dada yangu aling'olewa gego la utotoni lililooza katika kliniki nyingine, na mama yake hakuelezwa kwamba gego hilo ndilo linaloshikilia nafasi ya jino la kudumu, ambalo kwa kawaida hutoka kati ya miaka kumi na kumi na miwili. Sasa jino la jirani limeliegemea pengo hilo. Hapa Sinza jino lililooza huzibwa kwanza kila inapowezekana, na pale inapobidi kung'oa, mzazi huelezwa namna ya kuitunza nafasi hiyo.

Maelezo ya usafi nayo yalikuwa ya wazi: mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floraidi, na mzazi awe ndiye anayesugua au anayesimamia hadi mtoto afikishe miaka minane hivi, kwa kuwa mkono wa mtoto mdogo haufiki vizuri nyuma. Binti yangu alisikitika kuona jino lake jipya ni la manjano kuliko mengine na lina kingo za msumeno. Akaambiwa kwamba ndivyo meno ya kudumu yalivyo, na kwamba kingo hizo zitasawazika kadiri anavyotafuna. Ninaheshimu sana daktari anayemjibu mtoto moja kwa moja badala ya kumjibu mzazi wake.

Kasoro zipo. Siku za Jumamosi foleni ni ndefu na miadi haizingatiwi, bei hazijabandikwa popote, na ngazi ni nyembamba kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Anayekwenda kwa mara ya kwanza achague asubuhi ya katikati ya wiki, aulize mapokezi gharama ya kila huduma kabla mtoto hajapanda kiti, na aombe magego ya nyuma yakaguliwe hata kama kilichompeleka ni meno ya mbele.