Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755: anayesoma Kiingereza cha kale asiikose

Kazi yangu ni kutafsiri mahubiri na barua za Kiingereza za karne ya 18, na kamusi ninayoifungua kuliko zote ni hii ya Johnson, iliyotoka London Aprili 1755. Siku hizi huhitaji kuyasaka yale majuzuu mawili mazito. Toleo la kwanza na la nne la 1773, ambalo mwenyewe alilirekebisha, yote yamo kwenye intaneti bure, pamoja na picha za kurasa na mahali pa kutafutia neno.

Wengi huisifia kwa vituko. Vipo, sikatai. Shayiri ya "oats" anaieleza kuwa nafaka ambayo Uingereza hupewa farasi, lakini huko Uskoti ndiyo inayolisha watu (na kati ya wasaidizi wake sita, watano walikuwa Waskoti!). Tarantula ni mdudu ambaye ukiumwa naye dawa ni muziki tu. Twiga, aliyeitwa "camelopard", ni mnyama wa Uhabeshi, mrefu kumpita tembo ila si mnene kama yeye. Utacheka, utamsomea mwenzio, basi. Kama vituko ndivyo unavyotaka, kitabu chochote cha madondoo kitakutosha.

Mimi naipa alama za juu kwa maneno yasiyochekesha. Neno geni halimpotezi mfasiri, maana akilikuta lazima asimame. Linalomponza ni lile analodhani analijua tangu shuleni. Chukua "enthusiasm". Leo ni ari, shauku, kitu ambacho mwajiri anakitafuta kwenye barua ya maombi ya kazi. Kwa Johnson ni imani ya bure ya mtu kwamba Mungu anamfunulia mambo yeye binafsi, na papo hapo anamleta mwanafalsafa John Locke aseme kwamba haina msingi katika akili wala katika ufunuo wa Mungu, inatokana na ubongo uliopata moto na kujikweza. Sasa mhubiri anapowalaumu watu wa dhehebu fulani kwa "enthusiasm" yao, ukiandika "shauku" umemgeuza mpole anayelalamikia bidii ya wenzake. Alichosema ni kwamba wamejipa unabii.

"Condescension" nayo hivyo hivyo. Kwa Kiingereza cha leo ukimwambia mtu anayo, umemtukana: anakudharau huku akijifanya mwema. Johnson anaieleza kama kujishusha kwa hiari, mkubwa kukubali kukaa sawa na walio chini yake. Kwa hiyo mwandishi wa barua anayeshukuru "condescension" ya bibi mmoja tajiri hamkejeli hata kidogo. Na "silly", kabla ya kufika kwenye upumbavu, inaanzia kwa asiye na hatia, asiyedhuru mtu. Wale kondoo "silly" wa mchungaji katika Shakespeare hawakosi akili kuliko kondoo wengine. "Computer" ni mtu anayepiga hesabu. Hilo la mwisho halijawahi kunisaidia kazini, nalitaja kwa kuwa linanifurahisha.

Nguvu yake hasa iko kwenye mifano. Johnson alikuwa akisoma kitabu, anapigia mstari sentensi kwa penseli na kuandika pembeni herufi ya kwanza ya neno analolitaka, kisha wasaidizi wananakili. Alikusanya zaidi ya 100,000 kwa njia hiyo. Ukitilia shaka maelezo yake, shuka chini usome washairi kama Dryden au Milton walilitumiaje neno lenyewe, ujiamulie.

Lakini mifano hiyo haina miaka. Unapata jina la mwandishi, pengine na la kitabu, na huwezi kuona maana ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Kwa hilo nenda kwenye kamusi kubwa ya Oxford, iliyokamilika 1928, ambayo hupanga mifano kwa miaka kuanzia ya zamani zaidi. Asili za maneno usimwamini sana. Kwenye "spider" anauliza kama buibui hakupewa jina hilo kwa kuwa anampeleleza "dor", aina ya mbawakawa. Na pale siasa inapoingia, usiyachukulie maelezo yake kama ushahidi wa lugha: ushuru wa "excise" kauita kodi ya kuchukiza, na "pension" kaieleza kama malipo ya kibaraka anayeisaliti nchi yake. Mwaka 1762 mfalme akampa yeye pensheni ya pauni 300 kwa mwaka, naye akaipokea.

Ukianza kuitumia, tafuta kwa kuandika neno badala ya kuperuzi picha za kurasa. Pale utakutana na "s" ndefu inayofanana na "f", na utatafuta maneno ya J usiyaone mahali pake, maana yamechanganywa na ya I, kama ya V yalivyochanganywa na ya U.