Beetle ya 1969 na gari la kisasa: nimeyaendesha yote mawili

Nina Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1969, na nina hatchback ya mwaka 2018 yenye injini ya lita 1.4 ya tabo. Watu wakiniuliza lipi ni bora, wengi wanataka nijibu kwamba la zamani ndilo gari hasa. Siwapi jibu hilo. Kwa safari za kila siku, la kisasa linashinda mbali.

Sababu kubwa ni breki. Beetle yangu ina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na hazina busta, kwa hiyo nguvu yote inatoka mguuni mwako. Ukikanyaga ghafla kwenye lami iliyolowa, magurudumu yanajifunga na gari linateleza moja kwa moja hata ukikata usukani. ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, iliingia kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978. Hii yangu ilishatoka kiwandani zamani. Halafu injini iko nyuma: ingia kwenye kona kwa kasi, uachie mafuta katikati, uone mkia unavyotaka kutangulia. Hatchback ikianza kuteleza hivyo, kompyuta inafunga breki ya gurudumu moja na gari linarudi kwenye mstari, pengine hata kabla hujashtuka.

Kwa mwendo hakuna mashindano. Beetle ina nguvu za farasi 40, hatchback ina 125. Kwenye barabara kuu Beetle inakwenda, ila kulipita lori ni jambo la kupanga mapema. Mafuta nayo: Beetle inanipa takribani kilomita 11 kwa lita, na ile nyingine inafika 16 bila taabu.

Sasa, kwa nini sijaiuza? Kwa sababu naweza kuitengeneza mwenyewe. Injini inapozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna rejeta wala maji ya kuchemka. Oili ni lita 2.5 tu, naibadilisha kila kilomita 5,000. Platini, plagi, kabureta, tapeti: vyote navifikia kwa spana za kawaida, na injini nzima imeshikwa na bolti nne. (Kitu kinachonichekesha hadi leo: maji ya kuoshea kioo cha mbele yanasukumwa na upepo wa tairi la akiba. Upepo ukipungua, kioo hakioshwi.) Ikianza kukohoa, kwa kawaida ni moto wa plagi au mafuta, na mlio wake unakuonyesha pa kuanzia.

Hatchback haina lugha hiyo. Taa ya injini iliwaka, gari likapoteza nguvu, nami nilipofungua boneti nikakuta plastiki nyeusi tupu. Ilibidi fundi aunganishe mashine ya kusoma hitilafu ndipo ijulikane kuwa ni sensa moja ndogo, na malipo yake hayakuwa madogo hata kidogo.

Kama una nafasi ya gari moja tu, na unabeba watoto, chukua la kisasa. Ukiitaka Beetle iwe gari la pili, usidanganywe na rangi inayong'aa. Inua kiti cha nyuma: betri inakaa hapo chini, na sakafu iliyo chini yake hupenda kuoza kwa kutu. Ukiona tundu, hesabu gharama ya kuchomelea kabla hujataja bei yako.