TAHADHARI: Hedifoni "za mfupa" Kariakoo, unajaribishwa orijino unafungiwa feki

Waendesha baiskeli, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kuna duka Kariakoo (jina lake liko kwenye malalamiko tunayoyapeleka, hapa hatuliandiki) linauza hedifoni za mfupa (zile zinazopitisha sauti kwenye mfupa wa shavu, masikio yanabaki wazi) zilizoandikwa chapa Shokz, modeli OpenRun, kwa shilingi 280,000. Mdogo wetu kapigwa. Kinachouma zaidi, siyo mtu wa kupigwa kirahisi. Kipimo cha kutambua ya kweli alikijua, akapima, majibu yakatoka sawasawa, na bado karudi nyumbani na takataka.

Alikuwa anazitafuta ili asikilize muziki huku anasikia magari barabarani. 

Mchezo unachezwa hivi. Muuzaji anavuta droo chini ya kaunta, anatoa hedifoni isiyo na boksi. "Hii ya kujaribia, bosi." Anamvalisha mteja kwa mikono yake mwenyewe: ukanda nyuma ya shingo, vile vichwa viwili vya kutetemeka vinakaa kwenye mfupa wa shavu mbele ya sikio, tundu la sikio linabaki wazi. Muziki unatoka kwenye simu ya muuzaji, siyo ya mteja. Hapo ndipo ujanja ulipoanzia na hakuna aliyeuona. Halafu anasema kwa kujiamini kabisa, "Sasa ziba masikio kwa vidole." Mdogo wetu akaziba. Besi ikapanda, sauti ikajaa kichwani. Akaachia, akasikia honi ya bajaji nje na muziki kwa pamoja. Akacheka. Muuzaji naye akacheka.

Na kipimo kile ni cha kweli, tusikilaumu. Hedifoni ya mfupa inatikisa fuvu, mtikisiko unafika sikio la ndani bila kupita kwenye tundu. Ukiziba tundu, zile sauti nzito ambazo kwa kawaida huvujia nje zinanaswa ndani, ndiyo maana besi inaongezeka. Spika ya kawaida ni kinyume chake: ukiziba, sauti inafifia. Kwa hiyo mtu aliyepima vile alikuwa na haki ya kuamini. Tatizo ni kwamba iliyopimwa siyo iliyouzwa.

"Hiyo imechakaa, wewe nakupa mpya." Muamala kwanza. Pesa ikishaingia anakwenda stoo, anakaa huko, anarudi na boksi lililobanwa na nailoni, stika inameremeta. Mdogo wetu akapitisha ukucha kwenye mshono wa nailoni achane. Jamaa akaweka kiganja kizima juu ya boksi. "Ukifungulia hapa hairudishwi. Ukifungulia nyumbani una waranti miezi sita." Hebu! Waranti gani inayoanza mteja akishapotea machoni? Lakini pembeni kulikuwa na "mteja" mwingine anasema anakuja kuchukua ya mke wake, ile ya kwanza imemkaa vizuri sana. Mtu wao yule, hatuna shaka.

Msiseme alikuwa na tamaa ya bei. Feki ya elfu thelathini inajitangaza yenyewe. OpenRun ilipotoka iliuzwa dola 130 huko nje, kwa hiyo 280,000 haikumshtua mtu anayejua bei, na wameipandisha makusudi kwa sababu hiyo hiyo. Duka lina mlango na shata, leseni imening'inia ukutani, mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ipo kaunta. Ila siku hiyo "mtandao unasumbua", akaandikiwa karatasi ya mkono: hedifoni 1. Basi. Hata rangi haikuandikwa.

Tumeifungua. Ndani ya kila kichwa kuna spika ndogo ya duara, aina ya eafoni za elfu mbili, inapulizia kwenye vitundu vilivyofichwa kwa kitambaa cheusi. Hakuna cha kutikisa mfupa. Nyuma ya spika wamegandisha kwa gundi ya moto kipande cha chuma ambacho hakina kazi yoyote zaidi ya kukufanya uhisi umeshika kitu cha maana. OpenRun halisi ina gramu 26, hii kwenye mizani ya jikoni imesoma 41, na gramu hizo zote zimelundikwa mbele, kila shimo la barabarani linaishusha kuelekea kidevuni. Ukanda wa halisi ni titani, unaupinda unarudi. Huu una waya wa chuma ndani ya mpira, ukiupinda unabaki hivyo hivyo. Boksi linasema IP67, yaani vumbi haliingii na inahimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, wakati tundu la chaji ni micro-USB lililofunikwa kiraka cha mpira kisichobana. Jasho la safari ya Kigamboni linatosha kulimaliza. Jasho lina chumvi, likikauka juu ya shaba pini zinaota ukijani, chaji inakatakata. OpenRun ya kwanza ilichajiwa kwa waya wa sumaku wenye pini mbili, ya sasa ni Type-C. Ya micro-USB haijawahi kuwepo.

Kuna atakayesema "si inaimba?" Inaimba chumbani. Ukifika kasi ya kilomita 25 kwa saa, upepo unavuma sikioni, na ile spika inayopulizia hewani inamezwa. Unapandisha sauti hadi mwisho, husikii kitu cha maana ila mivumo, na mivumo hiyo inatosha kukufichia mlio wa daladala linalokuja nyuma. Wengi wakifika hapo wanakata tamaa wanarudi kwenye eafoni za mpira za kuziba, tena zile za kuua kelele, wanaingia nazo Mandela Road. Ndiyo hasara yenyewe. Hela inatafutwa tena. (Ufaransa waliona bora wapige marufuku eafoni masikioni kwa waendesha baiskeli tangu Julai 2015, faini yuro 135.) Aliyekwama bila hedifoni ya mfupa na lazima asikilize, avae eafoni moja tu, sikio la kushoto, sauti isizidi nusu. Sisi tunapita kushoto, magari yanatupita kulia, kwa hiyo sikio la kulia libaki wazi.

Dalili, kwa haraka. Pima ile inayotoka ndani ya boksi lako, kwa simu yako, kabla hujalipa. Akikataa, ondoka. Ukiigusisha kwenye meza ya mbao au boksi tupu wakati inapiga, ya mfupa inalifanya boksi liimbe, na ukigusa kwa ncha ya kidole unahisi inatekenya kwenye besi. Feki haifanyi hivyo. Jina la Bluetooth lisikudanganye, linaigwa, ila programu ya Shokz ya kwenye simu haiitambui feki. Angalia boksi: hili letu juu limeandikwa Shokz na pembeni AfterShokz, jina ambalo kampuni iliachana nalo mwishoni mwa 2021. Risiti iwe ya EFD na iandikwe modeli. Kuna mengine, tutaongeza.

Lakini huyu muuzaji hatutamwacha kwa kuandika tu. Aliporudishiwa boksi alisema, "Hii siyo ya kwangu, umebadilisha nyumbani." Mbele ya watu! Mtu mzima anamwita mtoto wa watu mwizi huku hedifoni ya kujaribia bado iko kwenye droo ile ile. Huyo afungiwe duka, leseni ishushwe ukutani, mzigo wa stoo uchomwe hadharani na alipe kila aliyemfungia nailoni. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ipo na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia, watu wao huingia madukani na kukamata mizigo. Wakianzia kwenye ile stoo hawatatoka mikono mitupu. Na yule "mume wa mtu" wa pembeni naye apandishwe karandinga, asiachwe.

Wewe uliyenunua pale, usitupe nailoni wala stika, usiifungue kwa bisibisi, hii yetu moja iliyofunguliwa inatosha. Tunza ujumbe wa muamala kwenye simu, piga picha karatasi ya mkono pande zote mbili, andika tarehe na saa. Vikikusanyika vya watu kadhaa vyenye mwandiko mmoja hawezi tena kusema tumebadilisha nyumbani. Jumatatu saa tatu asubuhi tunapeleka vyote kwa pamoja, wenye maboksi waje nayo mkononi.