Ukuta wa ua: vidaka vya chokaa au mimea itambaayo?

Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zinatufundisha njia moja ya kupamba ukuta wa bustani: lipu ya chokaa yenye vidaka (Waamu husema zidaka), yaani vishubaka vilivyoumbwa ukutani. Zamani vilipamba vyumba vya ndani. Uani navyo hupendeza, hasa jua la alasiri linapopiga kiubavu na vivuli vikajichora. Weka chungu kimoja cha mrehani, au taa, basi. Tena chokaa huuacha ukuta wa matumbawe upumue. Saruji huufungia unyevu na chumvi ndani, na lipu huanza kubanduka vipande vipande. Kwa hiyo tafuta fundi anayeijua chokaa, na tafadhali usikubali akikwambia mchanganye saruji kidogo ili kazi iwahi kukauka.

Njia ya pili ni mimea: bogenvilia au asumini. Ni nafuu, inapoza ua, na asumini ikichanua jioni nyumba nzima inanukia. Lakini inataka mkasi kila mara, na bogenvilia ina miiba. Isiegemee ukutani moja kwa moja: simamisha fremu ya mianzi au waya, sentimita 10 hivi kutoka ukutani, hewa ipite.

Ua ukiwa mwembamba wenye kivuli, mimi nasema chokaa. Weupe wake huleta mwanga, na bogenvilia pasipo jua haitoi maua ya maana. Ukuta wa matofali ya saruji unaopigwa na jua kutwa? Hapo panda asumini bila kusita.